Foili za Bi Unga

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa zuri tu, ila hakuna aliyelitumia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akisaga mawe, udongo, vidonge vya dawa na chochote kilicholetwa maabara ndani ya mfuko wa plastiki, akivisaga mpaka vinakuwa laini kama poda ya mtoto, na ule unga ulimkaa kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya vidole, mpaka kwenye soli za viatu. Basi wakamwita Bi Unga. Hata kadi ya mwaliko wa harusi ya jirani iliandikwa hivyo, naye alikwenda, akala, akacheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.

Kazi yake ukitaka kuielewa si ngumu. Watu ndio huifanya ngumu ili waogopwe. Unachukua unga, unaujaza kwenye kisahani chenye shimo la duara, unausawazisha kwa kipande cha kioo, unauweka katikati ya mashine. Upande mmoja kuna bomba linalotoa miale ya eksirei. Miale inaugonga ule unga na kuruka, na kila aina ya fuwele huirusha kwa pembe zake yenyewe. Chumvi ina zake, chokaa ina zake, hazibadiliki hata uzibembeleze. Upande wa pili kuna kigunduzi kinachozunguka polepole kikihesabu miale mingapi imefika katika kila pembe. Mwisho unapata mchoro wenye vilele, vingine virefu, vingine vifupi, na aliyeuzoea anausoma na kukuambia kwamba humu mna mchanga mweupe sehemu arobaini kwa mia, chokaa thelathini, na kilichobaki ni udongo wa kawaida, aliyekuuzia kakupiga.

Bi Unga alikuwa ameuzoea. Mashine yenyewe ilikaa chumba cha mwisho kwenye korido, nyuma ya milango ya kioo kizito chenye madini ya risasi, na taa ya njano iliyowaka kila miale ilipofunguliwa. Pampu ya maji ya kuipoza ilinguruma mchana kutwa. Kigunduzi alikiita Jicho, na alizungumza nacho. Asubuhi alikisalimia kabla ya kumsalimia mtu yeyote, jambo ambalo wenzake wa maabara waliliona ni dharau, na lilikuwa dharau kweli kwa baadhi yao.

Sasa tatizo. Kila mwaka ofisi inayosimamia maabara ilituma chupa tano kwa maabara tano, zote zenye unga mmoja. Waliouchanganya waliupima kwa mizani, wakaandika kiasi cha kila kitu, wakafunga kabatini. Maabara zinapima, zinatuma jibu. Ukikaribia ukweli, tofauti isizidi sehemu mbili kwa mia, umefaulu. Maabara ya Bi Unga ilikuwa imeanguka miaka miwili mfululizo, na mara zote mbili kosa lilikuwa lile lile: mchanga mweupe ulitoka pungufu. Safari hii barua ilikuja kabla ya chupa. Ilisema kwamba wakianguka mara ya tatu, mashine itazimwa na kung'olewa, sampuli zote zitapelekwa Maabara Kuu, na mtaalamu wake, yaani Bi Unga, atahamishiwa meza ya mapokezi.

Meza ya mapokezi si aibu, watu wanalea watoto kwa kazi hiyo. Lakini mwanamke huyu alikuwa na miaka hamsini na minne, na katika dunia nzima kulikuwa na kitu kimoja alichokijua kuliko majirani zake wote, wakwe zake wote na mkubwa wake wa kazi: kusoma unga. Kumkalisha karibu na mlango akipokea mifuko ya wengine na kubandika lebo, kisha kuitazama ikipakiwa kwenye gari kwenda kusomwa na mtu mwingine, kungemmaliza. Aliisoma barua mara moja, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa koti jeupe. Nyumbani alimwambia mumewe kwamba kichwa kinamuuma.

Mumewe alikuwa mpishi wa bweni la chuo, mtu wa tumbo na utani, na mtaani walimwita Mpishi kana kwamba ni mmoja tu ulimwenguni. Hakuamini habari za kichwa. Alimkalisha, akamtengea sahani, akangoja. Alipomaliza kusikiliza aliuliza swali moja tu, kama mashine imezeeka. Bi Unga alimtolea macho. Kila mtu alikuwa anasema hivyo. Ni rahisi kusema. Hata binadamu akisahau funguo huambiwa uzee. Alijua mashine yake ilikuwa inakosea, ila inakosea kwa namna moja, upande mmoja, kwa kitu kimoja, na uzee haukosei kwa nidhamu namna hiyo.

Wiki iliyofuata akaukamata mkia wa jambo. Alikuwa anapima unga wa zamani alioujua vizuri, na kwa hasira tu akaongeza nguvu ya bomba kwa nusu. Vilele vifupi vikapanda kwa nusu, kama ilivyopasa. Kile kirefu kabisa, cha mchanga mweupe, kikapanda kidogo mno, kama mtu anayenyanyuka kwenye kiti kwa kulazimishwa. Akarudia. Vilevile. Alikaa kwenye stuli yake akiwa na mchoro mapajani, akaanza kucheka peke yake, mpaka msafishaji wa korido akachungulia.

Ni hivi. Kila mwale unapoingia, Jicho linapepesa. Ni kufumba na kufumbua, muda mdogo usioweza kuufikiria, lakini katika kufumba huko mwale mwingine ukipita hauhesabiwi. Miale ikija mmoja mmoja hakuna shida. Ikija kwa msongamano, kama inavyotoka kwenye mchanga mweupe, Jicho linapepesa kutwa na mingi inapita bure. Kwa hiyo vitu vyenye mwanga mdogo vilihesabiwa kwa haki, na kile chenye mwanga mwingi kikadhulumiwa. Miaka miwili walikuwa wakiandika dhuluma hiyo kwenye barua na kuigonga muhuri.

Kujua tatizo ni jambo moja. Kujua Jicho linakosa miale mingapi ni jambo jingine, na bila hilo huwezi kusahihisha kitu. Njia ilikuwepo, aliikumbuka tangu masomoni: unaweka mbele ya Jicho karatasi nyembamba za madini, zote za unene mmoja, nyingi mpaka miale inayopita ni michache. Kisha unaondoa moja moja. Kila karatasi ukiiondoa, hesabu inapaswa kupanda kwa kiwango kile kile. Pale inapoanza kulegea, ndipo Jicho limeanza kuzidiwa, na kutokana na kulegea huko unapiga hesabu ya kila kilichopotea. Alipeleka ombi la hizo karatasi kwa Mkuu wa maabara. Mkuu alilipeleka idara ya manunuzi. Idara ya manunuzi ikajibu miezi sita. Chupa ilikuwa inakuja baada ya wiki tatu.

Jioni hiyo Mpishi alikuwa anafunga kuku wa kuoka kwa foili. Bi Unga aliingia jikoni kutafuta maji, akaona, akasimama na kikombe mkononi. Akamwambia asiguse hiyo rola tena. Mpishi akadhani kuna mende.

Alipoelezwa alifurahi kupita kiasi, kwa sababu kwa miaka yote ya ndoa yao hakuna kitu cha jikoni kwake kilichowahi kuhitajika maabara. Alitoa rola zote mbili kabatini, akakataa mkewe akate kwa mkasi wake mbovu, akakata mwenyewe, vipande kumi na sita vya mraba, akiimba. Kuku akaiva bila kufunikwa, akakauka juu, wakamla hivyohivyo.

Kesho yake matokeo yalikuwa aibu. Foili moja iliondolewa, hesabu ikapanda vizuri. Ya pili, ikapanda kidogo. Ya tatu, kidogo tena. Ya nne, ikaruka. Mstari aliouchora ulikuwa kama ngazi iliyojengwa na mlevi. Alirudia mchana kutwa, akibadilisha mpangilio, na kila mara ngazi ilivunjika mahali tofauti. Alirudi nyumbani amenuna, akasema labda kwa kweli mashine imekwisha, na kusema hivyo kulimuuma kiasi kwamba alikwenda kulala bila kuvua soksi.

Asubuhi Mpishi alikuwa anamfungia chakula cha mchana na huku analalamika. Alikuwa na kawaida ya kulalamika asubuhi, ilimchangamsha. Safari hii alilalamikia muuza duka, kwamba rola ile kubwa ya siku zote ilikwisha akauziwa hii nyingine, na hii ni nyembamba, ukiivuta tu inachanika, watu hawana haya. Bi Unga aliinua uso kutoka kwenye chai. Alimuuliza juzi alikata vipande kutoka rola ipi.

"Zote mbili," Mpishi akasema. "Nilikuwa nataka uwe na nyingi."

Kuna wanawake ambao wangemrushia kikombe. Bi Unga alimshika mashavu mawili, akambusu paji la uso lililojaa mafuta, akatoka mbio bila chakula.

Maabara kulikuwa na mizani ya kupimia vitu vidogo, ndani ya kisanduku cha kioo, mizani inayotambua hata alama ya kidole uliyoacha kwenye karatasi. Alikata foili mpya kwa kufuata kipande kimoja cha chuma, ili ukubwa usitofautiane, akapima kipande kimoja kimoja. Kilichozidi au kupungua kwa unywele alikitupa. Alikata tisini na nne kupata kumi na sita. Vipande vilivyokataliwa vilijaa kwenye ndoo ya taka, vikimeta, na kila aliyepita mlangoni aliuliza kama kuna sherehe.

Safari hii mstari ulinyooka. Kila foili ilizuia miale miwili kati ya kumi, na alipokuwa akiziondoa moja moja, kutoka kumi na sita kushuka mpaka kumi, hesabu ilipanda kwa adabu. Kuanzia tisa ikaanza kulegea. Zilipobaki mbili ilikuwa inalegea wazi, na foili ya mwisho ilipoondoka, Jicho lilihesabu saba mahali palipopita kumi. Hilo ndilo deni lake, tena halikubadilika hata alipolirudia mara tano. Bi Unga aliandika jedwali la masahihisho kwa mkono, akalibandika kwenye mlango wa mashine. Kwa vilele virefu akaweka utaratibu mpya: unaweka foili kumi kwanza, Jicho lihesabu kwa utulivu, kisha unarudisha kwenye hesabu kile foili zilichozuia. Akaipapasa mashine mgongoni. Alimwambia Mpishi kwa simu kwamba wamefaulu, na Mpishi akawatangazia wapishi wenzake wote kwamba foili yake imetengeneza mashine ya eksirei, jambo lisilo sahihi sana, ila nani angemkatalia?

Chupa ikaja. Bi Unga aliifungua, akausaga unga tena kidogo, akajaza visahani vitano, akapima vyote, kwa foili na bila foili. Bila foili, mchanga mweupe ulikuwa sehemu arobaini kwa mia. Kwa foili na masahihisho, arobaini na saba. Aliandika arobaini na saba kwa penseli, akaenda kula.

Alikuwa anakula simu ilipolia. Ni Mama Pacha, mwenzake wa tangu chuoni, aliyekuwa na mashine kama yake katika maabara ya mji mwingine. Hapa lazima niseme jambo ambalo wenye maabara hawapendi lisemwe. Wiki ya chupa, simu huzunguka. Huyu anamuuliza yule kapata ngapi, yule anamuuliza wa tatu, na wote mwisho wanamsikilizia mtu wa Maabara Kuu, kwa kuwa Maabara Kuu haijawahi kukosea. Ukisikia namba yake, na yako iko mbali kidogo, unaisogeza. Hakuna anayeiita wizi, wanaita kulinganisha. Bi Unga hakuwahi kulinganisha. Alipokuwa mwalimu wa zamu wa wanafunzi alimfukuza mtu darasani kwa kugeuza shingo, na hakuona kwa nini yeye aanze kugeuza ya kwake. Ndiyo maana alianguka peke yake miaka miwili, na wengine wanne wakafaulu kwa kushikana mikono.

Mama Pacha alimpigia kwa mapenzi. Alijua habari za barua. Alisema kwa haraka, kabla hajakatazwa, kwamba Maabara Kuu wamenunua mashine mpya yenye bomba kali mara tatu ya la zamani, na wamepata arobaini na moja, na wote wanne wanatuma arobaini na moja.

"Andika hiyo, ndugu yangu," akasema. "Nakuomba. Usiende mapokezi kwa ajili ya kiburi."

Bi Unga alimshukuru, akakata simu, na chakula kikamshinda. Arobaini na moja! Ile aliyoipata bila foili ilikuwa arobaini. Kama angeiacha mashine ilivyokuwa, kama asingehangaika na rola za jikoni, leo angekuwa na wenzake, salama salimini. Alikuwa ametumia wiki tatu kujiondoa kwenye jibu ambalo watu wote wanasema ndilo.

Mkuu wa maabara naye alikuwa amesikia, nani asiyesikia. Kesho yake alimwita ofisini. Alikuwa kijana kuliko Bi Unga kwa miaka kumi na tano, aliwahi kuwa mwanafunzi wake, mtu mwema mwenye woga mkubwa wa barua. Alifunga mlango, akamwita mama, akamzungumzia kwa upole. Alisema hamlazimishi. Alisema tu kwamba maabara nne ni nne, na moja ni moja, na kwamba mtu anaweza kuipenda foili mpaka ikampoteza. Bi Unga alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu usiku kucha alikuwa amejiambia maneno hayo hayo.

"Nichanganyie unga," akamwambia. "Wewe mwenyewe. Mchanga mweupe na chokaa, kiasi unachotaka. Usiniambie. Nikikosea, naandika arobaini na moja kwa mkono huu."

Mkuu hakuwa amegusa mizani tangu apewe ofisi yenye kapeti. Alijifungia chumba cha mizani saa nzima. Alitoka na kisahani cha unga, tai nyeupe kuanzia fundo mpaka ncha, unga mpaka ndani ya sikio, na kikaratasi kilichokunjwa mara nne ambacho alikitumbukiza kwenye mfuko wa shati na kukishikilia kwa kiganja, kana kwamba Bi Unga angemkwapua. Maabara nzima ikaacha kazi. Msafishaji alileta kiti chake. Taa ya njano ikawaka, pampu ikanguruma, Jicho likaanza safari yake ya taratibu, na kwa saa moja na nusu watu wazima wenye familia walikaa wakitazama mstari ukijichora kwenye kompyuta, wakinong'onezana kama wako kwenye mtihani wa mtoto wao.

Bi Unga alipiga hesabu mara mbili.

"Thelathini na tatu," akasema.

Mkuu alitoa kikaratasi, akakifungua, akakisoma kimoyomoyo, akakipeleka dirishani akakisoma tena. Halafu akampa. Palikuwa pameandikwa thelathini na tatu nukta mbili. Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka kwenye maegesho ya magari, na Mkuu, tai na unga wake, alijikuta amekumbatiwa na msafishaji.

Lakini furaha ilipotulia barua bado ilikuwa barua, na zile nne bado zilikuwa nne. Mkuu alimwambia ukweli, na ukweli wake ulikuwa kwamba sasa anamwamini, lakini wasimamizi hawakuuona huo unga wa leo, na Bi Unga akikosea, yeye Mkuu hataweza kumkinga. Fomu ilikuwa mezani na nafasi ya namba ilikuwa tupu. Bi Unga aliichukua kalamu. Alifikiria meza ya mapokezi, lebo, gamu, gari linalopakia. Alifikiria pia kwamba akiandika arobaini na moja atabaki na mashine, na kila asubuhi atafungua mlango wa kioo na kuisalimia, na itambidi aiangalie. Akaandika arobaini na saba, akasaini, akatoka.

Wiki nne za kungoja zilikuwa ndefu kama mimba ya pili. Mpishi alimpikia kila alichokipenda, naye alikula nusu. Alisafisha mashine sehemu ambazo hazijawahi kuchafuka. Mara mbili alikwenda kuitazama meza ya mapokezi kwa mbali, akaona ina mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha kadibodi chini yake.

Siku ilipofika, Mkuu hakumwita. Alikuja mwenyewe, akikimbia kwenye korido aliyoipiga marufuku kukimbiwa, bahasha mkononi, na alipofika mlangoni pumzi ilikuwa imemwishia. Akampa tu karatasi. Kiasi halisi cha mchanga mweupe kilikuwa arobaini na sita nukta nane. Maabara moja kati ya tano ilikuwa imefaulu. Wasimamizi walisema, kwa heshima zote, wangependa kujua ni utaratibu gani umetumika kusahihisha kigunduzi, na kama mtaalamu husika angekubali kuwafundisha wengine.

Bi Unga aliisoma, akakaa chini, akalia waziwazi bila kujifunika. Mashine ilibaki. Yeye alibaki nayo. Mpishi aliposikia aliacha masufuria ya bweni zima yakichemka, akaja na aproni, akiwa amebeba rola mpya ya foili kama shada la maua, na wanafunzi mia mbili siku hiyo walikula mchana wao saa kumi.

Mambo ya Maabara Kuu yalieleweka baadaye. Bomba lao jipya lilikuwa kali mno, Jicho lao likazidiwa kuliko la mtu yeyote, na hakuna aliyefikiri kulipima, kwa kuwa mashine ilikuwa mpya na nani hupima kitu kipya? Maabara nyingine tatu ziliifuata arobaini na moja yao mpaka shimoni.

Mama Pacha alipiga simu jioni ya pili. Alimpongeza, akamcheka Mpishi na aproni yake, akauliza habari za magoti.

"Mashine yangu ni dhaifu," Mama Pacha akasema mwishowe. "Bomba limechoka, miale inatoka michache. Jicho lake halina haraka. Nilipata arobaini na saba. Nilipima mara nne, nikapata arobaini na saba mara nne. Nikafuta."

Hapo Bi Unga alikuwa na haki ya kusema mengi, na mengine yalishafika kwenye ncha ya ulimi. Kilichomtoka ni kwamba Jumamosi aje, aje na mapacha wake, alete na unga wake. Akaja. Walipima siku nzima, wakacheka mpaka wakakosa hewa, mapacha wakachezea foili zilizokataliwa wakajitengenezea kofia. Wakati wa kuagana Mama Pacha aliuliza kama anaweza kupewa foili sita zilizopimwa. Alipewa kumi na sita.

Mwaka uliofuata chupa zilipotumwa, wanawake hawa wawili walipigiana simu kila siku ya ile wiki. Walizungumza habari za mapacha na meno yao, za Mpishi na mpango wake wa kufungua mgahawa, za mguu wa jirani uliovunjika. Unga haukutajwa. Siku ya mwisho ya kutuma, saa sita na dakika chache, simu ya Bi Unga ililia akiwa bado na kalamu mkononi.

"Nimetuma," Mama Pacha akasema.

"Yako?"

"Yangu."